Haikutaja Sufuria

Kabla ya yote, Bi Moira Kinross
alitugawia karatasi, kila mtu yake,
akangoja mpaka kalamu ya mwisho itue.
"Linalosemwa humu linalala humu," alisema.
"Toleo likikataliwa limekufa,
hakuna wa kulifukua kesho mbele ya hakimu.
Nami nikiingia chumbani kwenu, kisha kwao,
nitavuka ukumbi na lile tu mliloniruhusu kubeba."
Halafu akafungua pakiti ya biskuti za tangawizi,
akauliza nani anakunywa chai bila maziwa.

Tulikuwa wanne upande wetu:
wachinjaji wawili, kijana wa vyumba vya baridi,
na mimi, Ngaio, wa meza ya kufungasha.
Nje ya Gore ilikuwa Julai, barafu nyasini,
malori yakishusha kondoo wenye mvuke puani.

Siku mbili tulipigania posho ya usiku,
senti kwa senti. Nilipiga meza, chai ikamwagika,
na Bwana Aitken wa kampuni akaifuta kwa leso yake mwenyewe,
jambo lililonikera, sijui kwa nini.

Siku ya tatu alivua miwani.
"Mnapigania posho ya zamu isiyo na kesho.
Mwezi wa tisa, usiku unafungwa.
Mkiniuliza nje ya mlango huu, sikusema.
Pigania kiinua mgongo, Ngaio. Hapo bado pana nafasi."

Bila ile karatasi asingethubutu.
Nimelipima hilo mara nyingi, nikiwa chali kitandani,
na kila mara mizani inainamia kulekule:
siri ile ndiyo iliyotupatia malipo ya wiki kadhaa zaidi.
Siri ileile ilinifuata nyumbani
ikavuta kiti, ikakaa kati ya watu wawili.

Maana Tāmati wangu ni mtu wa usiku.
Miaka kumi na tisa anatundika nyama kulabuni,
anarudi alfajiri vidole vimekufa ganzi,
ananishikisha shingoni ili nipige kelele.
Na wiki ile, katika wiki zote, alikuwa ameona pikapu.
Ya buluu. Mkopo wa miaka mitano.
"Ijumaa natia saini," alisema,
akachora magurudumu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza.

Nilikuwa nimemuuliza Bi Moira ukumbini, kwa sauti ya chini:
"Na mume je?"
Alinitazama kwa huruma, kama daktari wa meno.
"Karatasi ile haina mlango wa mume."

Basi nikaosha sufuria.
Nikaiosha tena.
Ningeweza kusema subiri, neno moja tu,
lakini subiri nayo ina mimba.
Nikasema mvua inakuja. Nikasema viazi vimepanda bei.
Tāmati akasimama mlangoni, taulo begani,
akaniangalia muda mrefu kuliko viazi.
"Hiyo sufuria imeshatakata," akasema,
akaenda kuvaa viatu vya kazi.

Ijumaa ikapita. Jumamosi hapakuwa na pikapu uani.
Rangi haikumpendeza, alisema. Buluu gani ile, ovyo.
Sikumuuliza. Hakuniuliza.

Tangazo la pamoja lilisomwa bwaloni Jumanne moja,
kila sentensi imekubaliwa na pande mbili, mkato kwa mkato.
Wanaume wa usiku walivua kofia kana kwamba pana jeneza.
Tāmati peke yake hakushtuka.
Bwana Aitken aliliona hilo, akanigeukia.
Sikuinamisha kichwa.

Macho hayana pazia, walinena waliotutangulia.
Na karatasi niliyotia saini, nimeisoma upya,
ilitaja mdomo, ikataja kalamu na simu.
Haikutaja sufuria.